Nimepata jengo la nyumba nne za kupangisha, benki inanipa chini ya nusu ya bei. Nikwamue vipi?

#1 MilangoMinne (mleta uzi)

Wakuu salaam. Mimi ni wa kusoma na kupita, ila leo yamenifika shingoni.

Nimeajiriwa, huu mwaka wa nane. Nimepata jengo dogo, nyumba nne za kupangisha ndani ya uzio mmoja, hati moja. Sitataja fedha halisi kwa sababu muuzaji naye anaweza kuwa humu, kwa hiyo tufanye bei yake ni 100 na mengine yote tuyapime kwa mia hiyo. Kila nyumba inapangishwa kwa 0.3 kwa mwezi. Zote nne ni 1.2, kwa mwaka 14.4. Mimi nina 30 taslimu: 25 nilipanga iwe kianzio, 5 iende kwenye gharama. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi. Benki inatoa 75 kwa riba ya 13% miaka 15, marejesho ni kama 0.95 kwa mwezi, pango linaingia 1.2, chenji inabaki kwangu.

Jana afisa mikopo kaniita. Mthamini wao kasema jengo ni 86, si 100. Halafu akaniambia hata hiyo 75% ya 86 nisiitegemee, kwamba "kwa kipato cha jengo" naweza kupata 43 hivi. Arobaini na tatu! Nilimuuliza mara mbili nikidhani nimesikia vibaya.

Wananikomoa, au kuna kitu sikijui?

#2 Kijuajua

Achana na benki mkuu. Nunua kiwanja, jenga mlango mmoja mmoja, hakuna wa kukuzungusha.

#3 MilangoMinne

Mkuu, kwa mshahara huu mlango wa nne nitaufungua na mkongojo. Hili lipo na watu wanakaa.

#4 AfisaWaZamani

Kaka, hukomolewi. Nimekaa upande wa pili wa ile meza miaka kumi na moja, ngoja nikuonyeshe alichofanya mwenzangu kwenye karatasi.

Wewe umeanza na 14.4, yeye hajaanza hapo. Kwanza kajiuliza ni nyumba ngapi zina mkataba wa maandishi, na malipo yake yanaonekana kwenye akaunti ya muuzaji. Nahisi kapata tatu. Hiyo ya nne ina hadithi yake, sivyo? Basi pango analolitambua ni 10.8 kwa mwaka. Hapo akakata robo nzima, maana nyumba hukaa tupu, mabomba hupasuka, na bima na kodi ya jengo hulipwa wapangaji wawepo wasiwepo. Ikabaki 8.1. Sasa anataka hiyo 8.1 iwe angalau mara 1.25 ya marejesho ya mwaka, ili jengo likiyumba kidogo deni lisiyumbe nalo. 8.1 ukigawa kwa 1.25 unapata 6.48 kwa mwaka, yaani 0.54 kwa mwezi. Mkopo unaoweza kulipwa kwa 0.54 kila mwezi, riba 13%, miaka 15, ni 42.7.

Ndiyo 43 yako hiyo.

Vipimo ni viwili. Kimoja kinaangalia thamani: asilimia fulani ya bei au ya thamani ya mthamini, ile iliyo ndogo. Kwako ni 75% ya 86, yaani 64.5. Cha pili kinaangalia kipato, nacho kimetoa 43. Benki inachukua kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Wanunuzi wa mara ya kwanza karibu wote huja wamejiandaa kwa kile cha kwanza tu. Wanaweka akiba ya kianzio miaka mitano, halafu wanakwama kwenye kitu ambacho akiba haikitibu.

Kipimo cha tatu ni mshahara wako na madeni mengine uliyonayo, ila hicho nadhani ulishakivuka, vinginevyo mthamini asingetumwa.

#5 MilangoMinne

Dada, nimeduwaa. Nyumba ya nne anakaa mpwa wa muuzaji. Analipa, lakini mkononi, na mkataba hana. Umejuaje?

#6 AfisaWaZamani

Kila jengo lina mpwa.

#7 FundiMstaafu

Dada kamaliza upande wa pango. Mimi niongeze upande wa huyo mthamini, kwa sababu watu humchukulia kama adui.

Bei ni makubaliano yako na muuzaji. Thamani ni kitu kingine: mthamini anatazama majengo ya namna hiyo yaliyouzwa karibuni yaliuzwa kwa kiasi gani, anatazama pango, anatazama hali ya paa na kuta. Ripoti nyingi huandikwa thamani mbili, ya soko na ile ya kuuza haraka deni likishindikana, na ya pili huwa chini. Soma vizuri hiyo 86 ni ipi. Kuna watu wamegombana na benki wiki nzima kumbe wanasoma mstari usio wao.

Omba nakala ya ripoti. Umeilipia wewe. Angalia amehesabu nyumba ngapi. Langu la kwanza mimi nililinunua likiwa na nyumba tatu na ya nne uani, ambayo zamani ilikuwa stoo. Wapangaji walikuwa wanakaa, choo kipo, umeme upo. Kwenye ramani iliyoidhinishwa haipo. Mthamini akaandika "stoo", na pango lake lote likafutwa kwenye hesabu kana kwamba yule mama na watoto wake wanalala hewani. Ilinibidi muuzaji arasimishe kwanza, miezi ikapita. Ningeuliza ramani siku ya kwanza nisingepoteza hata wiki.

Na kama ripoti ina kosa la wazi (vipimo, idadi ya vyumba, jengo la mfano lisilofanana na lako) andika barua kwa adabu, weka ushahidi. Usiandike "naona mmenipunja". Hiyo hawaijibu.

#8 Kipanga

Ila jamani kushusha 14 kwenye 100 ni nyingi. Muuzaji anakupiga.

#9 FundiMstaafu

Inawezekana. Hiyo ripoti ni silaha ya kumrudishia muuzaji pia. Mnunuzi yeyote wa mkopo atakayekuja baada yako atakutana na 86 hiyo hiyo.

#10 Mhamaji

Nipo Marekani, nichangie kwa kulinganisha tu. Huku kuna mstari mnene kati ya nyumba nne na nyumba tano. Jengo la nyumba moja hadi nne linahesabiwa makazi, mkopo wake ni wa nyumba ya kawaida. Likifika tano unahamia mkopo wa biashara: kianzio kikubwa, muda mfupi, na jengo linapimwa kwa kipato chake kabla yako wewe. Ndiyo maana wanaoanza wengi huishia kwenye nne.

Njia ya wasio na kianzio huku ni kukaa humo humo. Mkopo wenye bima ya FHA (idara ya serikali ya huku inayomlinda mkopeshaji ukishindwa kulipa) unaanzia kianzio cha 3.5% kama nyumba mojawapo utaishi wewe, si chini ya mwaka. Lakini ukigusa nyumba tatu au nne wanaweka mtihani: pango la nyumba zote, hata ile utakayokaa, likishakatwa kwa kawaida robo, lazima lifunike malipo yote ya mwezi. Riba zikipanda, majengo mengi ya nyumba nne hufeli huo mtihani. Watu wanatangaziwa 3.5% wanashangilia, mtihani wanausikia wakiwa ofisini.

Uingereza nako kipimo kinafanana kwa mikopo ya nyumba za kupangisha: pango lifikie kama 125% hadi 145% ya riba ya mwezi, na riba yenyewe mara nyingi hupimwa ikiwa juu kuliko utakayolipa. Kwa hiyo mleta uzi, ile robo na ile 1.25 si uchawi wa benki yako peke yake. Waulize mstari wao uko kwenye nyumba ya ngapi, na kama wana masharti nafuu ukihamia humo.

#11 MilangoMinne

Kuhamia siwezi, nina familia kubwa na zile nyumba ni za vyumba viwili. Lakini nashukuru, nimeelewa kwa nini aliniuliza "utaishi hapo?" mara tatu.

#12 DuniaDuara

Mbona rahisi. Kopa ushirika wa akiba na mikopo wa kazini, useme ni ya ada za shule. Unaongezea kwenye kianzio, benki haijui.

#13 AfisaWaZamani

DuniaDuara, usimpeleke mwenzio shimoni. Makato yataonekana kwenye hati ya mshahara mwezi unaofuata, na benki huitazama tena kabla ya kutoa fedha. Nimeona mkopo ulioidhinishwa ukirudishwa siku tatu kabla ya kusaini. Mteja alikuwa ameshamlipa muuzaji malipo ya kushikia nyumba. Yalipotea.

Tena kwenye fomu kuna mahali unasaini kwamba kianzio si deni. Ukidanganya hapo si suala la kunyimwa mkopo tu.

Kingine ambacho watu hawakijui: fedha ikiingia ghafla kwenye akaunti wiki mbili kabla ya kuomba, afisa atakuuliza imetoka wapi. Kama ni zawadi ya mzazi, mzazi aandike barua kwamba haidai. Kama umeuza gari, leta mkataba wa mauzo. Akiba iliyokaa akaunti miezi mingi haiulizwi maswali.

#14 Kijuajua

Si nilisema kiwanja?

#15 KobeMwendo

Muuzaji hawezi kukubakizia deni? Nilinunua hivyo mimi. Benki ilitoa sehemu yake, muuzaji akaniachia 10% nimlipe kidogo kidogo kwa miaka mitatu.

#16 AfisaWaZamani

Inafanyika, mradi benki ijue na ikubali kwa maandishi. Benki inataka kuwa ya kwanza kwenye hati, muuzaji akae nyuma yake. Marejesho ya muuzaji nayo yanaingia kwenye kile kipimo cha pili, kwa hiyo kama tatizo lako ni kipato cha jengo, deni la muuzaji linalibana zaidi. Linamfaa mtu ambaye pango lake linatosha ila kianzio kimepelea. MilangoMinne kwa sasa ana mgonjwa mwingine.

Kaka, fanya hivi. Mwambie muuzaji mpwa wake asaini mkataba kama wapangaji wengine na pango lipite benki, sio mkononi. Omba benki miaka 20 badala ya 15. Na usisaini mkataba wa mauzo usio na kifungu kinachosema mkopo usipopatikana unarudishiwa malipo yako ya awali. Hicho cha mwisho ndicho cha kwanza.

Na uliza kama jengo lina rehani ya muuzaji mwenyewe. Kama ipo, benki yako itamlipa mdai wake kwanza, hati ifunguliwe, ndipo iandikwe kwako. Hiyo peke yake ni wiki kadhaa.

#17 MilangoMinne

Rehani ipo. Kumbe ndiyo maana alikuwa anasema hati "iko kwa wakili".

---

#31 MilangoMinne

Wakuu, nimerudi. Najua uzi ulishashuka chini. Ni miezi mitano.

Muuzaji alinuna wiki mbili, halafu mnunuzi mwingine naye akaja na benki yake, mthamini wa pili akasema 87. Muuzaji akanipigia mwenyewe. Tumekubaliana 90, na kile kifungu cha kurudishiwa kimo. Mpwa alisaini, miezi minne pango linapita benki. Alilalamika mwezi wa kwanza tu.

Benki imekubali nyumba zote nne na miaka 20. Hesabu mpya: 14.4 kutoa robo ni 10.8, gawanya kwa 1.25 ni 8.64, kwa mwezi 0.72. Mkopo umefika 61.5. Jengo ni lile lile, paa ni lile lile, mkopo umeongezeka karibu nusu kwa sababu ya karatasi moja ya mpwa na miaka mitano zaidi.

Ila bado sijavuka. 90 kutoa 61.5 ni 28.5 za kianzio. Gharama za wakili, uthamini, ada za benki, bima na usajili zimefika 5. Halafu benki inataka ione akiba ya marejesho ya miezi sita imekaa tu akaunti, hiyo ni 4.3. Jumla 37.8. Mimi bado nina 30.

Dada yangu mkubwa yuko tayari kuweka 8. Anauliza atapata nini, na mimi sijui nimjibu nini.

#32 Kipanga

Hongera mkuu. Hiyo miaka 20 umepiga hesabu utalipa kiasi gani mpaka mwisho?

#33 MilangoMinne

Nimepiga, nikanywa maji. Mkopo huo huo wa 61.5 kwa miaka 15 ungenitoka 140 jumla. Kwa miaka 20 ni 173. Hiyo 33 ya ziada ndiyo bei ya kuingia mlangoni.

#34 AfisaWaZamani

Umefanya vizuri kuijua. Sasa uliza kama kuna faini ya kulipa mapema. Kama haipo, au inaisha baada ya miaka michache, chukua 20 na ulipe kama wa 15 miezi inayoruhusu. Mwezi mbaya ukija unarudi kwenye 0.72 bila kuomba ruhusa kwa mtu. Kama faini ni kali na haiishi, hapo fikiri upya.

Na riba yenyewe, imefungwa au inapanda na kushuka?

#35 MilangoMinne

Imefungwa miaka miwili, baada ya hapo inafuata soko.

#36 AfisaWaZamani

Basi pima leo kwa 16%. Marejesho yanatoka 0.72 kwenda kama 0.86. Nyumba zote zikiwa na watu, 1.2 inatosha. Moja ikiwa tupu unaingiza 0.9 na unalipa 0.86, na bima na kodi ya jengo bado hujagusa. Hapo mshahara wako ndio utakaoziba. Kama mshahara unaweza kuziba mwezi mmoja au miwili kwa mwaka bila nyumbani kulala na njaa, endelea. Kama hauwezi, hiyo akiba ya 4.3 iongezwe kabla ya kusaini. Benki inaitaka kwa ajili yake. Wewe unaihitaji zaidi yake.

Kwa dada yako: 8 kati ya 38 mnazoweka ni 21%. Lakini hesabu hiyo haijaisha. Benki itataka naye asaini mkopo? Akisaini, ukishindwa deni lote linamwangukia, si 21% ya deni. Mtu anayebeba hatari ya 100 hapewi 21 akaambiwa asante. Njia mbili: ama anaingia kama mmiliki na mkopaji mwenza na mnakubaliana sehemu kubwa kidogo, ama anakupa zawadi yenye barua na haumdai wala hakudai. Cha katikati, kwamba "tutaelewana sisi ni ndugu", sikushauri.

#37 FundiMstaafu

Na andikeni mmoja akitaka kutoka anatokaje. Nani anamnunua mwenzie, kwa thamani ya mthamini gani, ndani ya muda gani. Mimi na shemeji yangu hatukuandika. Jengo lipo mpaka leo, linaingiza pango, na hatusalimiani.

#38 DuniaDuara

Pole sana mzee wangu.

#39 MilangoMinne

Nimeongea naye jana usiku kwa kirefu. Benki inamtaka asaini. Anachukua 30%, jina linaingia kwenye hati, na tumekubaliana hakuna anayegusa chenji ya pango mwaka wa kwanza, inaongezwa kwenye ile akiba. Kifungu cha kutoka anaandika wakili wake, si wangu, yeye mwenyewe kataka hivyo. Faini ya kulipa mapema inakufa mwaka wa tatu.

Nilimtumia kiungo cha uzi huu. Kasoma wote, kisha kauliza swali moja tu: huyo mpwa pango lake linaisha lini, na tutampandishia?

#40 AfisaWaZamani

Huyo dada mpe 35.